Kifuniko cha Sailensa ya Bodaboda cha Kutengeneza Mwenyewe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ninayoulizwa karakanani hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na madereva wa boda, abiria wao, na wakati mwingine mafundi wenzangu. Nimeyaandika pamoja na majibu yake kwa sababu mguu ulioungua kwa sailensa ni jambo ninaloliona kila mara, na karibu kila mmoja ungeweza kuepukika kwa kipande cha bati na jioni moja ya kazi. Kama huna muda wa kusoma yote, shika hili: kifuniko kizuri hakigusi sailensa. Kinachokukinga ni nafasi ya hewa iliyo kati ya bomba na bati. Unene wa kitu ulichofungia hausaidii sana.

Sailensa ina joto kiasi gani hasa?

Bomba la moshi pale linapotoka kwenye injini linaweza kufika nyuzi 300 za Selsiasi na kuzidi, ukipanda mlima na mzigo. Kadiri moshi unavyokwenda nyuma joto hupungua, lakini sailensa yenyewe, ile sehemu nene inayopita karibu na mguu wa abiria, hupita nyuzi 100 kwa urahisi baada ya safari ya kawaida. Dondosha maji kidogo juu yake: yakitoa sauti ya kukaangika na kuruka, ujue tayari imepita nyuzi 100.

Ngozi haihitaji joto hilo lote ili iharibike. Chuma kitupu chenye nyuzi 70 hivi kinatosha kuunguza kwa sekunde 1. Kikiwa na nyuzi 51, mguso wa dakika 1 unatosha. Abiria aliyebanwa kati ya dereva na gunia la mihogo hawezi kuondoa mguu wake kwa haraka hiyo.

Lakini pikipiki haiji na kinga kutoka kiwandani?

Nyingi huja nayo. Huwa ni kipande kidogo cha bati kilichofungwa kwa bolti mbili au tatu. Barabara zetu za changarawe hulegeza bolti, kinga inaanza kupiga kelele, dereva anachoshwa nayo, anaing'oa na kuitupa. Au sailensa imeoza, mwenyewe akanunua nyingine ya bei nafuu isiyo na kinga kabisa. Kama ile ya kiwandani bado unayo, tafuta bolti uirudishe. Haina haja ya kubuni kingine.

Fundi, hewa tupu inakingaje joto? Si ni bora kitu kizito?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana ukilielewa utatengeneza kifuniko kizuri hata kwa vifaa duni.

Joto hutoka kwenye sailensa kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni mguso: chuma kikigusana na chuma, joto hupita moja kwa moja. Ya pili ni hewa inayopashwa moto na kupanda juu. Ya tatu ni mnururisho, lile joto unalolihisi usoni ukisimama mbali kidogo na jiko la makaa. Ukiweka bati lililoachana na sailensa kwa milimita 10 hadi 15, umekata njia ya kwanza karibu yote, kwa sababu hewa haipitishi joto vizuri. Ukiliacha wazi juu na chini, hewa ya moto hutoka na ya baridi huingia, na pikipiki ikienda upepo hufanya kazi hiyo maradufu. Kuhusu mnururisho, upande wa ndani wa bati ukiwa unang'aa, sehemu kubwa ya joto hurudishwa lilikotoka. Alumini safi inayong'aa hufanya hivyo vizuri sana. Chuma chenye kutu hufyonza karibu lote.

Kitu kizito kilichobana kwenye sailensa huchelewesha joto tu. Baada ya nusu saa upande wa nje nao unakuwa wa moto, na sasa una kitu cha moto kisichopoa upesi.

Nitumie bati gani?

Chaguo langu la kwanza ni alumini ya sufuria kuukuu. Ubavu wa sufuria kubwa tayari umepinda, ndani unang'aa ukisuguliwa na steelwool na majivu, haushiki kutu, na alumini haiyeyuki mpaka nyuzi 660, joto ambalo kifuniko kilichoachana na bomba hakitalikaribia kamwe. Sufuria iliyotoboka kitako kwa wauza vyuma chakavu hupatikana kwa bei ndogo.

Chaguo la pili ni chuma cha pipa la lita 200, ambacho unene wake huwa karibu milimita 1. Kinadumu na hakitetemeki ovyo. Ila usikate mwenyewe pipa zima lililokuwa na petroli, dizeli au dawa. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka kwa cheche moja ya grainda. Nunua kipande ambacho tayari kimefunguliwa na kunyooshwa na mafundi wa bati. Kampala wapo tele Katwe, na kila mji mkubwa una kichochoro chake.

Stenlesi ni nzuri kuliko zote lakini ni ngumu kukata na kupinda kwa mkono. Mabati ya kuezekea nayakataa: ni membamba mno, hupasuka kwenye matundu ya bolti kwa mtetemo, na ukingo wake hukata mguu uliokuwa unataka kuukinga.

Wenzangu stejini wanafunga kamba ya katani, vipande vya jinzi au tyubu ya baiskeli. Vipi hivyo?

Hapana. Pamba na katani huanza kubadilika kahawia na kuwa mkaa kwenye nyuzi 200 na kidogo, na zikishalowa oili ya injini au petroli iliyomwagika wakati wa kujaza tangi, zinaweza kuwaka chini ya abiria. Mpira wa tyubu hulainika, hutoa moshi mbaya na kunata. Nailoni na poliesta ni hatari zaidi, maana huyeyuka, nailoni kuanzia nyuzi 220 hivi, na kilichoyeyuka hung'ang'ania ngozi. Tazama suruali za madereva wengi, mguu wa kulia upande wa ndani: utaona doa gumu linalometa kama plastiki. Ndiyo poliesta iliyoyeyuka hapo.

Na ule utepe wa faibaglasi unaouzwa kwa ajili ya mabomba?

Huo unastahimili joto kweli. Nyuzi za kioo hustahimili joto la nyuzi 500 hivi bila shida, za basalti, ambalo ni jiwe la volkano, huzidi hapo, na za silika hufika karibu 1,000. Tatizo liko kwingine. Utepe uliobana huzuia bomba kupoa, kwa hiyo chuma cha ndani kinafanya kazi kwenye joto kubwa kuliko lile kilichotengenezewa. Kisha mvua ikinyesha, utepe hunywa maji na kuyashikilia. Sisi huku kaskazini tuna miezi mirefu ya mvua, na kusini wanazo misimu miwili. Bomba la chuma cha kawaida lililofungwa utepe huoza kwa ndani ya utepe bila wewe kuona, mpaka siku moja moshi unatoka mahali usipotegemea.

Ukiamua kuutumia, ufunge kwenye bomba jembamba la mbele tu, vaa glavu na mikono mirefu maana nyuzi zake huwasha, funga barakoa, na ufungue kukagua kila msimu wa mvua unapoisha. Kwa sailensa, rudi kwenye bati.

Nina kamba nyeupe ya zamani ya tanuri, na vipande vya paa kuukuu. Mzee wangu anasema haviungui.

Mzee ana haki kwamba haviungui. Lakini inawezekana sana hiyo ni asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na aina zake zote husababisha saratani, ikiwemo ile ya utando wa mapafu inayojitokeza miaka mingi baadaye. Usiikate, usiisugue, usiipulize, usimpe mtoto achezee. Ilowanishe maji, iweke ndani ya kaveera (mifuko ya plastiki) mbili, ifunge, uipeleke mbali na makazi ya watu kwa namna mamlaka za eneo lako zitakavyoelekeza. Kwenye pikipiki inayotetemeka kutwa nzima asbesto ingemwaga vumbi lake usoni mwa abiria. Hapa sina nafasi ya kukubaliana na mtu.

Nimeona mtandaoni vifuniko vya kitambaa vya sailensa za bunduki. Si vinaweza kufaa?

Watu wengi hushangaa majina yanapofanana, lakini vitu hivi viwili ni ndugu kweli. Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyepewa hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) ya sailensa ya bunduki mwaka 1909, alishughulika pia na kupunguza kelele za injini, na kanuni ni ileile: kuipa gesi ya moto nafasi ya kutanuka na kupoa kabla ya kutoka.

Kifuniko cha kitambaa cha bunduki hutengenezwa kwa kazi tofauti. Bunduki hupiga risasi chache, kisha hupumzika. Kifuniko kinamzuia mwenyewe asijiunguze anapoibeba, na kinazuia hewa ya moto inayopanda mbele ya darubini na kufanya shabaha ionekane inacheza. Mara nyingi ndani yake kuna tabaka la faibaglasi au silika, na nje ni nailoni ngumu. Hata watengenezaji wake huonya kwamba ukipiga mfululizo, kinaungua. Pikipiki ya boda haipumziki: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka usiku joto linaingia bila kukoma. Ile nailoni ya nje ingeyeyuka mapema. Na bunduki hapa Uganda ni jambo la kibali na sheria kali, kwa hiyo mambo yake nawaachia wenye kazi hiyo. Tulichokopa kwao ni funzo moja la vitambaa: kinachogusa moto kiwe kioo au silika, na nailoni isiwepo kabisa.

Sawa, nionyeshe namna ya kutengeneza.

Anza na sailensa iliyopoa kabisa. Safisha matope, kisha kaa kwenye pikipiki pamoja na mtu atakayekuwa abiria, na uweke alama kwa chaki pale miguu yenu inapokaribia bomba. Hapo ndipo kifuniko kinapohitajika. Kwa pikipiki nyingi za hapa ni urefu wa sentimita 30 hadi 35, kuanzia mbele kidogo ya kikanyagio cha abiria kwenda nyuma.

Pima upana wa sailensa. Tuseme kipenyo chake ni sentimita 9. Nusu yake ni 4.5, ongeza nafasi ya hewa ya 1.2, unapata 5.7. Zidisha kwa 3.14, unapata karibu sentimita 18. Huo ndio upana wa bati litakalozunguka nusu ya nje. Ongeza sentimita 1 kila upande kwa ajili ya kukunja ukingo.

Kata kielelezo cha boksi la karatasi kwanza ukijaribishe. Hapa usiharakishe. Bonyeza breki ya nyuma mpaka mwisho, piga kiki, zungusha gurudumu la nyuma, angalia kama spana itafika kwenye nati ya ekseli. Upande wa kulia una breki na kiki pamoja na sailensa, na kifuniko kinachozuia kanyagio la breki kwa nusu sentimita tu ni kibaya kuliko kutokuwa na kifuniko. Boksi likiridhisha, hamishia umbo lake kwenye bati.

Kata kwa mkasi wa bati au msumeno wa chuma. Kunja ukingo wote ndani, ugonge taratibu kwa nyundo juu ya ubao, kisha pitisha tupa na msasa. Pitisha kidole. Kikikwama popote, endelea na tupa. Kwa kupinda, zungushia bati kwenye kipande cha bomba au gogo lenye unene unaofaa ukibonyeza kwa mikono. Nyundo huacha mabonde.

Usitoboe sailensa kamwe. Tundu huvujisha moshi, huongeza kelele na ndiyo mwanzo wa kutu. Badala yake tumia klempu za chuma zinazobana mipira ya maji ya magari, za ukubwa wa kuzunguka sailensa, mbili. Chukua ubapa mwembamba wa chuma, ukunje kwa umbo la herufi Z, mguu mmoja uingie chini ya klempu na mwingine ufungwe kwenye bati. Tengeneza vinne, viwili kwa kila klempu. Vifanye virefu na vyembamba, kwa kuwa joto la mguso litapita hapo tu, na njia nyembamba hupitisha kidogo.

Matundu ya nyuma ya bati yawe marefu kidogo, umbo la yai. Sailensa ya chuma ya sentimita 35 ikipata joto la nyuzi 200 hurefuka karibu milimita 1, na bati lililo baridi halirefuki pamoja nayo. Bila nafasi hiyo, bolti hulegea au bati hupasuka. Kuhusu nati, zile zenye pete ya nailoni ndani hazifai, pete huisha kwa joto. Tumia washa ya springi, au nati mbili zilizokazana.

Vichwa vya bolti vikae juu kabisa au chini, mahali mguu haufiki. Kichwa cha bolti hupokea joto moja kwa moja kutoka kwenye ule ubapa. Nimewahi kumwona dada mmoja mwenye alama ya duara dogo, sawa na sarafu, kwenye muundi. Kifuniko chake kilikuwa kizuri kwingine kote.

Upande wa nje unaweza kupakwa rangi ya kustahimili joto, hata nyeusi. Inasaidia bati kutoa joto nje. Ndani acha pang'ae.

Je, nichomelee badala ya kufunga kwa bolti?

Bora usichomelee. Sailensa ni nyembamba na hutobolewa kwa urahisi, na ukitaka kuondoa kifuniko ili kusafisha utakuwa huna namna. Na kama bati lina zinki, moshi wa zinki unapochomwa huleta homa, baridi na maumivu ya mwili jioni yake. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanazuia. Hayazuii. Kinachosaidia ni kusugua zinki yote itoke kabla ya kuchomelea, na kufanyia kazi mahali penye upepo.

Nitajuaje kama kinafanya kazi?

Usijaribu kwa kiganja. Chukua mshumaa wa kawaida, sugua nta yake upande wa nje wa kifuniko, sehemu tatu au nne, pamoja na kwenye vichwa vya bolti. Endesha ukiwa na abiria kwa safari ya kawaida, kisha simama na usubiri dakika chache. Joto la kifuniko huwa juu zaidi baada ya kusimama kwa kuwa upepo umekoma, kwa hiyo hapo ndipo pa kupima. Nta ya mshumaa huyeyuka karibu na nyuzi 60. Ikibaki nyeupe na kavu, umefanya kazi nzuri. Ikiwa imeyeyuka na kuwa kama maji, ongeza nafasi ya hewa, au weka bati la pili juu ya la kwanza kwa kuacha pengo lingine.

Walio na kile kipimajoto cha kuelekeza kwa mwanga wawe waangalifu: juu ya chuma kinachong'aa kinasoma joto dogo kuliko lililopo. Paka doa la rangi nyeusi isiyometa, kisha elekeza hapo.

Injini haitachemka kwa sababu ya kifuniko?

Kwa bati lililoachana na bomba, hapana. Hewa bado inapita. Hofu hiyo ina msingi kwa vitambaa vilivyobana, na kwa wale wanaoziba mdomo wa sailensa ili kupunguza kelele. Hilo la pili lisifanyike kabisa.

Udongo wa mfinyanzi je?

Hupasuka kwa mtetemo siku hiyohiyo.

Abiria wangu ameungua sasa hivi. Nifanye nini?

Maji. Maji baridi ya kawaida, yasiyo na barafu, yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Ukiwa mbali na bomba, jerikeni ya lita 20 inatosha: mimina polepole, kama lita 1 kwa dakika. Hata kama saa moja au mbili zimepita tangu aungue, maji bado yanasaidia. Mvue kiatu na bangili ya mguuni kabla hajavimba. Nguo iliyoyeyukia ngozini usiivute.

Usipake dawa ya meno, majivu, samli, mafuta ya taa wala ute wa yai. Vitu hivi huzuia joto kutoka na huingiza uchafu, kisha muuguzi hulazimika kuvikwangua, nayo inauma kuliko kuungua kwenyewe. Baada ya maji, funika kwa kaveera safi au kitambaa safi kisichotoa nyuzi, bila kukaza. Usipasue malengelenge.

Mpeleke kituo cha afya kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, kama liko kwenye kiungo, kama ngozi imekuwa nyeupe au haina hisia, kama ni mtoto, au kama mtu ana kisukari. Ulizia sindano ya pepopunda. Majeraha makubwa hupewa rufaa hadi hospitali ya Kiruddu, Kampala, ambako kuna kitengo cha kitaifa cha kutibu walioungua.

Nina watoto nyumbani, na pikipiki inalala uani.

Mama, asante kwa kuuliza. Mtoto anayejifunza kutembea hushika chochote kilicho usawa wa mkono wake, na sailensa iko usawa huo kabisa. Hukaa na joto la kuunguza kwa muda mrefu baada ya injini kuzimwa, wakati mwingine nusu saa. Mwambie baba watoto aegeshe pikipiki sailensa ikitazama ukuta, na kifuniko kiwepo hata kama pikipiki haibebi abiria. Kwa abiria wote, wakubwa kwa wadogo: pandeni na kushuka upande wa kushoto. Ndio upande wa pembezoni mwa barabara, na sailensa iko ng'ambo.

Kinahitaji matunzo gani?

Kaza nati baada ya wiki ya kwanza, halafu kila unapobadilisha oili. Toa nyasi na matope yaliyokauka kati ya bati na sailensa, hasa ukipita njia za mashambani: nyasi kavu zikibaki hapo zinaweza kushika moto, na matope yakijaza pengo, hewa haipo tena na kifuniko kinakuwa cha moto sawa na sailensa yenyewe. Ndani kukififia, sugua mpaka pang'ae. Ukisikia kelele mpya ya bati, simama uangalie siku hiyohiyo, maana kipande kinachoning'inia karibu na gurudumu la nyuma hakifai kungojewa mpaka Jumapili.

Naweza kukuletea bati langu ukanitengenezea?

Unaweza kwenda kwa fundi wa bati yeyote aliye karibu nawe na kumpa vipimo vya hapo juu. Mwambie mambo matatu ayazingatie: pengo la sentimita 1 na zaidi, sailensa isitobolewe, na kanyagio la breki lifike mwisho. Kisha kijaribuni kifuniko kwa mshumaa pamoja kabla hujamlipa.